Aliyechora Mji Uliotulia, Kisha Akaulinda Dhidi ya Moto

Haya ndiyo maneno niliyosema mbele ya wachoraji vijana na wakaaji wa avenyu zetu za Kadutu, hapa Bukavu, katika ukumbi wa parokia. Wengi walizuiwa na mvua, wakaniomba maandishi. Nimeyaweka yote kama yalivyotoka, isipokuwa picha nilizokuwa nikionyesha ukutani.

Wazee wangu, mama zetu, shefu wa avenyu uliyekaa pale mbele, na ninyi wadogo zangu mnaoshika brashi: jambo kwenu nyote. Asanteni kwa kupanda mlima huu na matope haya.

Mmeniomba niongee juu ya uchoraji wa miji. Najua wengine mlitegemea nimchague mchoraji wa hapa kwetu, na hao wapo, tena hodari. Leo lakini nimemleta mtu wa mbali, Mholanzi, aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake Jan van der Heyden. Naomba mnivumilie nimweleze polepole, kwa sababu njia yake, mtaona, inaingia moja kwa moja katika vichochoro vyetu.

Alizaliwa mwaka 1637 katika mji mdogo wa Gorinchem. Akiwa bado kijana, familia ikahamia Amsterdam. Walikuwa watu wa imani ya Wamenoni, kanisa ambalo leo lina waumini wengi sana hapahapa Kongo. Basi kijana huyu akakua, akashika rangi. Akachora nini? Miji. Hakutafuta wafalme, hakutafuta vita. Alichora barabara, madaraja, minara ya makanisa, mifereji ya maji inayopita katikati ya Amsterdam, na nyumba za matofali zikiota jua.

Sasa wachoraji, sogeeni karibu kidogo. Nataka mtazame ukuta mmoja tu katika picha zake. Ukiupelekea uso, unaanza kuhesabu matofali. Kila tofali lina kingo zake. Kati ya tofali na tofali umepita uzi mwembamba wa chokaa, mwembamba kuliko unywele. Tofali hili limeiva sana tanuruni, limekuwa jeusi kidogo. Lile la chini limenyonya unyevu. Lile la pembeni limemegeka. Halafu rudi nyuma hatua tatu. Matofali hayaonekani tena, umebaki ukuta mmoja mpana unaopokea mwanga wa jioni. Nani kati yetu ana subira ya namna hiyo? Wataalamu waliochunguza picha zake wanadhani kuna mahali alitumia bamba la kupigia chapa ili mistari ya matofali ikae sawa. Hata kama ni hivyo, bado lazima mtu awe ameupenda ukuta ule kabla ya kutafuta mbinu ya kuuchora.

Na watu je? Watu wamo, wadogo, wanatembea bila haraka. Wengi hakuwachora yeye. Aliwaachia wenzake, hasa Adriaen van de Velde, aliyekuwa na mkono mzuri wa watu na wanyama. Hili nalisema kwa ajili yenu vijana mnaogombana juu ya nani atie sahihi. Turubai moja, mikono miwili, na hakuna aliyepungukiwa.

Nafika kwenye swali ambalo huulizwa kila mara ninapoonyesha picha za namna hii. Mtu anasema: “Mwalimu, mji uliotulia hivyo ulikuwepo wapi? Huyu bwana alikuwa anatudanganya.” Ni swali zuri. Hebu tulijibu kwa heshima.

Mwaka 1652, Jan akiwa na miaka 15, jengo la zamani la baraza la mji wa Amsterdam liliungua. Lilikuwa katika uwanja mkuu, unaoitwa Dam. Liliungua mbele ya mji mzima. Waandishi wa maisha yake wanasema kijana yule aliuona moto ule, na kwamba haukumtoka moyoni. Miaka mingi baadaye alipotoa kitabu, aliuchora moto huohuo.

Wakati lile la zamani linaungua, jengo jipya lilikuwa tayari linajengwa palepale. Ardhi ya Amsterdam ni tope na maji, kwa hiyo waliligongomea chini nguzo za mbao 13,659 kabla ya kuweka jiwe la kwanza juu yake. Jengo hilo bado limesimama, leo ni ikulu ya mfalme. Na mwaka 1667 Jan alilichora: uwanja mpana, mawe meupe, mawingu yamepoa, watu wanapita na shughuli zao. Picha hiyo ilinunuliwa na Cosimo de' Medici, aliyekuja kutawala Toscana huko Italia, na iko mpaka leo Firenze, katika nyumba ya sanaa ya Uffizi.

Mnaona jambo hilo? Aliyeona moto akiwa na miaka 15 ndiye aliyesimama katika uwanja uleule akiwa na miaka 30, akauchora umetulia. Je, alikuwa amesahau? Alikumbuka kuliko wote. Utulivu ule aliujua bei yake.

Picha hiyo ya Uffizi ina jambo lingine la ajabu. Ukisimama ovyo mbele yake, kuba la juu ya jengo linaonekana limevutwa, limepinda. Mchoraji alikuwa amepiga hesabu ya mahali jicho linapotakiwa kuwa, na kwenye fremu kulikuwa na kidude chenye tundu la kuchungulia. Ukichungulia pale, kuba linanyooka. Kumbukeni tabia hiyo ya kupima jicho liko wapi, mwanga unatoka wapi, umbali ni hatua ngapi. Tutaikuta tena.

Halafu kuna vita. Mwaka 1672 Uholanzi ilivamiwa na Ufaransa, huku Uingereza ikiishambulia baharini, na maaskofu wa Münster na Köln wakija na majeshi yao. Waholanzi mpaka leo wanauita mwaka wa maafa. Miji ilitekwa, Utrecht ikakaliwa na Wafaransa. Nani alikuwa na hamu ya kununua picha? Johannes Vermeer, yule aliyechora mji wa Delft ukiwa kimya kando ya maji, alikufa mwaka 1675 akiacha madeni, na mjane wake alieleza kwamba vita vilikuwa vimeua biashara yake. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kufafanuliwa hayo. Tunajua mtu anavyopanga bidhaa asubuhi bila kujua jioni itakuwaje. Picha zile tulivu zilitoka katika nchi yenye hofu, kwa mikono ya watu wenye hofu.

Sasa tuondoke kwenye turubai. Tuingie usiku.

Amsterdam ya wakati ule, jua likizama, giza lilikuwa giza kweli. Mifereji iko kila mahali, kingo hazina uzio. Watu walikuwa wanatumbukia majini na kufa. Wezi nao walikuwa na sikukuu yao kila usiku. Jan van der Heyden akaenda kwa wakuu wa mji na mpango wa taa za barabarani, na mwaka 1669 wakaukubali, wakamfanya yeye mwenyewe msimamizi, kwa mshahara.

Taa za mafuta zilikuwepo kabla yake, ila zilikuwa na ugonjwa mmoja ambao kila mama aliyewahi kutumia koroboi anaujua: masizi. Kioo kinaanza kuwa cheusi, saa mbili baadaye unawasha moshi, huwashi mwanga. Jan alitengeneza sanduku la vioo lenye njia za hewa, upepo unaingia kwa mpango, moshi unatoka juu bila kugusa kioo, na mwali unabaki umetulia hata nje kukivuma. Akapima umbali kati ya nguzo na nguzo ili mwanga wa taa moja usiishie mbali na ulipoanzia wa taa ya pili. Taa zikaenea mji mzima, zikafika zaidi ya 2,500. Mtindo wake ulidumu mpaka karibu mwaka 1840, na miji mingine ya Ulaya, Berlin mmoja wapo, ikauiga.

Nani mwingine angeweza kuiona kazi ile? Mtu aliyekuwa amekaa miaka akitazama mwanga unavyoanguka juu ya matofali. Kwa mawazo yangu, hapo hakubadilisha kazi hata kidogo. Ni kazi ileile, safari hii bila turubai.

Na taa zilimlisha. Nawaambia hili vijana kwa sababu najua mnavyotafuta mkate. Baada ya kupata mshahara ule, hakulazimika kuchora ili auze kesho. Alipofariki mwaka 1712, nyumbani kwake zilikutwa picha zake mwenyewe zaidi ya 70. Alizichora, akazitunza. Hakuna aibu mchoraji akiwa na kazi nyingine. Ninaowafahamu hapa wanaandika vibao vya maduka, wanapaka rangi magari, wanafundisha. Endeleeni.

Lakini kilichonifanya niombe ukumbi huu ni moto.

Kabla ya Jan, Amsterdam ilizima moto namna gani? Kwa ndoo za ngozi, ngazi na ndoana za kubomolea. Mashine za kurusha maji zilikuwepo, nzito, na zilijazwa kwa ndoo, mkono kwa mkono. Maji yalitoka kwenye bomba gumu juu ya mashine yenyewe, kwa hiyo ilibidi isogezwe mpaka mlangoni pa nyumba inayowaka. Ikishindwa kusogea, basi. Ikisogea sana, ukuta unaiangukia. Na maji yalipiga nje tu, juu ya ukuta, huku moto unakula ndani.

Jan alikuwa na ndugu yake, Nicolaas, fundi wa mambo ya maji. Mwaka uleule wa maafa, 1672, nchi ikiwa imezungukwa na majeshi, ndugu hawa wawili walitoa kitu kipya: mpira wa kuzimia moto. Wao waliutengeneza kwa ngozi iliyoshonwa, kwa vipande vya futi 50, na kila kipande mwishoni kina kiungo cha shaba. Unaunga kipande kwa kipande. Unahitaji futi 100? Unga viwili. Nyumba iko ndani zaidi? Ongeza cha tatu. Mashine inabaki nyuma, karibu na mfereji, ikivuta maji. Mpira ndio unaokwenda. Unapita kichochoroni, unakunja kona, unapanda ngazi za ndani, unafika chumba kile kile chenye moto.

Wandugu, narudia. Mashine inabaki kwenye maji. Mpira ndio unaokwenda.

Nimesema hivyo na nimeona mama kadhaa wamenyanyua vichwa. Nafikiri tunafikiria usiku mmoja.

Kilikuwa kiangazi, mnakumbuka. Wengine walisema ni mshumaa, wengine walisema umeme ulirudi kwa nguvu, wengine makala ya moto yaliyoachwa kwenye jiko la mbabula. Nyumba zetu mnazijua: mbao, bati juu, na ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Gari la kuzima moto lilikuja. Tusiwaonee waliokuwemo, walikuja. Lilisimama kwenye lami, juu kule, taa zake zikizunguka, na sisi tuko chini mteremkoni. Mpira wake uliishia njiani. Hapakuwa na kipande cha kuunga. Tukabaki na bidoni za njano, kutoka mkono kwenda mkono, nusu ya maji yakimwagika miguuni petu. Vijana walipanda juu ya mabati ya moto kung'oa mbao ili moto ukose daraja. Wengine wao wako humu ukumbini, na mikono yao inaeleza.

Kulipokucha nilimkuta mama mmoja mshonaji akipekua majivu kwa kijiti. Alitoa kichwa cha mashine yake ya kushona. Meza yake ilikuwa imekwenda, mkanda umekwenda, gurudumu limepinda. Alikifuta kwa pembe ya kitenge chake, akakiweka pembeni juu ya jiwe, halafu akaendelea kutafuta mkasi.

Watu wanasema kiangazi cha Bukavu ndivyo kilivyo. Hapana! Amsterdam nayo ilikuwa na mbao nyingi nyuma ya matofali yake, vichochoro vyembamba, watu wamebanana. Nayo iliambiwa moto ni mapenzi ya Mungu. Ndugu wale wawili walipewa usimamizi wa kuzima moto wa mji mzima. Kila mtaa ukapata mashine yake na watu wake waliofundishwa. Jan alikwenda kwenye moto mmoja baada ya mwingine na kitabu chake cha kuchorea. Alichora mahali moto ulipoanzia, upande ulikokimbilia, mahali mpira ulipopita. Alichora nyumba kana kwamba amezipasua kwa kisu, ukiona vyumba vya ndani na ngazi na mtu ameshika mdomo wa mpira. Mwaka 1690 yeye na mwanawe, naye jina lake Jan, wakayatoa hayo yote katika kitabu kikubwa cha picha. Humo ameweka na hesabu: mioto michache ya zamani ilikuwa imeugharimu mji zaidi ya gilda milioni moja, fedha ya Uholanzi ya wakati ule; mioto mingi zaidi ya baada ya mpira, yote kwa pamoja, haikufika gilda elfu ishirini.

Hebu fikirini mkono ule. Mkono uliochora ukuta wa matofali katika jua la jioni, na mkono uliochora nyumba inayoungua imepasuliwa, ni mmoja. Aliweza kuuchora moto vizuri kwa sababu alikuwa ameshaijua nyumba ikiwa nzima.

Kuna jambo moja nisingependa kulificha. Picha zake nyingi za miji si za kweli mtaa kwa mtaa. Alikuwa anachukua kanisa la huku na daraja la kule, anaweka lango ambalo halikuwepo, na picha inapendeza. Mtu asimame Amsterdam atafute kona hiyo, hataipata. Mimi simlaumu. Aliuchora mji alioutaka, kisha mchana na usiku akahangaika ili ule wa kweli usogee karibu na ule wa picha. Ningemlaumu kama angeishia kwenye picha.

Ndiyo maana nina neno na wachoraji wetu. Tunachora rasi zetu tano zikiingia Ziwa Kivu, tunachora rasi ya La Botte na mashua, tunaziuza kwa wageni, na ziwa letu linastahili. Lakini Kadutu ikichorwa, inachorwa imejaa fujo, au imeungua, au kwa mbali kama rangirangi za mabati mlimani. Nani ameuchora ukuta wetu wa mbao ubao kwa ubao? Ule msumari uliolia kutu ukaacha mstari mwekundu. Lile bati lililotobolewa na mvua ya mawe likazibwa kwa lami. Mlango uliopakwa bluu mwaka wa harusi. Nataka nione Kadutu imetulia saa kumi na moja jioni, watu wadogo wadogo wakipita bila haraka. Tunastahili picha hiyo. Watoto wetu wanastahili kuiona ukutani.

Na nataka mkono uleule uchore kitu kingine. Nimeshaongea na shefu wa avenyu na ofisi ya kartie, yaani ya mtaa, wamekubali. Tutachora avenyu zetu, moja baada ya nyingine, jinsi zilivyo. Upana wa kila kichochoro, kwa kamba. Mahali pa robine, na kama inatoa maji kweli au imekauka. Mahali ukuta au choo kimefunga njia. Hatua ngapi kutoka kwenye lami mpaka nyumba ya mwisho, ili tunapokwenda kuomba mpira tuseme tunahitaji vipande vingapi, wasitukisie. Mahali pasipo na taa, na nyumba zipi tayari zimeweka kataa kadogo ka sola juu ya mlango. Michoro itabandikwa kwa kila shefu wa avenyu, na nakala tutaipeleka kwa wanaohusika na kuzima moto, ili dereva ajue kabla hajafika kwamba gari litaishia wapi. Siahidi kwamba kiangazi hiki hakitaungua kitu. Naahidi kwamba hatutakuwa tunaulizana njia gizani.

Wazee, tunawahitaji ninyi mtuambie chemchemi za zamani zilikuwa wapi kabla nyumba hazijabanana. Mama zetu, ninyi mnajua robine kuliko mtu yeyote, mnajua inatoka saa ngapi na inakatika siku gani. Mama mshonaji amekubali kutuonyesha mahali moto ulipovukia usiku ule.

Tunaanza Jumamosi, saa mbili asubuhi, pale lami inapoishia. Kila mtu aje na daftari, penseli mbili na kamba ya mita kumi yenye fundo kila mita. Wachoraji wawili kwa kila avenyu, na mkaaji mmoja wa avenyu hiyo wa kuwabishia hodi kwa watu. Karatasi ya majina iko mlangoni. Asanteni.